Sufuria ya Wifi

Sufuria ninayopikia maharage mpaka leo si yangu. Ni ya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na alikuja nayo kichwani siku alipokimbia vita mtaani kwao Kamenge. Wengine walikimbia na godoro, wengine na mbuzi. Yeye alichukua sufuria kubwa ya alumini, ile ya kupikia watu wa sherehe, akatia ndani nguo za watoto, maharage kidogo na Biblia, akafunika na kifuniko chake, akatembea kwa miguu mpaka kwetu Asiatique, mtaa wa maduka mjini. Alipoishusha mlangoni shingo ilikuwa imekakamaa, hawezi hata kugeuka kunisalimia. "Wifi, tumefika," akasema huku anatazama ukuta. Tulicheka sana. Nalisema hili ili ijulikane kwamba nilimpokea vizuri. Mwanzoni nilimpokea vizuri.

Tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Mume wangu alitunza stoo ya tajiri mwenye duka, na vyumba vile vilikuja na kazi. Sisi tulikuwa wanne: mimi na yeye, binti yetu wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Wifi alikuwa mjane tangu kabla ya vita. Alileta wavulana wawili waliokuwa wakirefuka kila wiki, na kitinda mimba wake, msichana wa miaka minne aliyekuwa na tabia ya kupulizia chakula hata kikiwa kimepoa. Unampa ndizi mbivu, anaipulizia. Tulimtania kwa hilo, na yeye anapuliza zaidi ili tucheke.

Kwa watu wanane kitoweo kilikuwa maharage. Asubuhi maharage, jioni maharage, na Mungu ashukuriwe yalikuwepo. Sufuria yangu mimi ilikuwa ndogo, kwa hiyo tukahamia kwenye ya wifi. Yeye ndiye aliyenifundisha kugeuza kifuniko juu chini na kumwagia maji ndani yake, ili maji yale yapate moto wakati maharage yanachemka, na yakipungua unaongeza ya moto hayohayo. Ukiongeza maji ya baridi maharage yananuna, alisema, yanakuwa magumu mpaka kesho. Mimi nilizaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, nikakulia kwenye mbabula, jiko la makaa, na jambo hilo sikulijua. Nilisikia vibaya kidogo kufundishwa jikoni kwangu. Ndivyo nilivyo, nina kichwa kigumu na roho nyepesi kuchomeka.

Lazima nieleze habari ya pilipili, maana bila hiyo hakuna kitu. Kwetu Uvira pilipili tunaipenda, lakini haiingii chunguni. Mama yangu alikuwa akisema pilipili ina sahani yake. Unaisaga na chumvi, unaiweka pembeni kwenye kisahani, anayetaka anachovya. Chungu cha nyumbani ni cha wote, kuna wazee, kuna wagonjwa, kuna watoto. Mwanamke akitia pilipili ndani ya chungu cha nyumba yenye watoto, watu wanaelewa kwamba hapo kuna mtu hatakiwi kula. Hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa upande wetu.

Sasa watoto wa kwangu walikuwa wameshaanza kuchovya kwenye kisahani changu. Walilia, wakacheka, wakarudia, mpaka ndimi zikazoea. Watoto wa wifi kwao hawakuijua kabisa. Hata mama yao mwenyewe ikimgusa mdomoni alikuwa anatoa machozi.

Watoto wote watano walikula kwenye sinia moja, kama inavyotakiwa. Bugali katikati, maharage juu yake. Na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuharibika. Wale wavulana wawili walikula haraka, jamani! Hawakuwa na tabia mbaya, walikuwa na njaa ya miezi, na mtu aliyekimbia anakula kama mtu anayekimbia. Mwanangu wa miaka mitano alikuwa mlaji wa polepole, anafinyanga tonge, analitazama, anasimulia kitu. Akimaliza kusimulia sinia ni nyeupe. Nikaanza kuhesabu matonge ya watoto wa wenzangu. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, eti nafuta kijiko, kumbe nahesabu. Mbavu za mwanangu nilikuwa naziona kupitia fulana. Au nilijiambia naziona.

Jumamosi moja mume wangu alileta nyama. Kilo moja ya ng'ombe, yenye mfupa. Tajiri wake alikuwa amemgawia, na hatukuwa tumeonja nyama tangu wifi afike. Watoto walicheza uani, wifi alikuwa ameenda kuteka maji kwenye bomba la nyuma ya msikiti, na mimi nilikuwa peke yangu na ile sufuria.

Nilipika vizuri kuliko siku zote. Nilikaanga nyama kwanza kwa mawese mpaka ikashika rangi, nikaitoa, nikatia vitunguu vingi humohumo, kisha nyanya, nikaziacha zivurugike zenyewe. Maharage yalikuwa yameshaiva, mekundu, laini. Nikachanganya vyote, nikaongeza maji ya kifuniko, nikaacha ichemke polepole mpaka mchuzi ukawa mzito. Harufu ilitoka mpaka barabarani. Halafu nikachukua pilipili tano, zile za mviringo za njano tulizokuwa tunaletewa kutoka ng'ambo, nikazisaga na mbegu zake, nikatia zote ndani ya sufuria na kukoroga.

Mkono haukuteleza. Niliwaambia uliteleza, lakini haukuteleza.

Wavulana walikula matonge mawili, wakasimama kwa pamoja wakakimbilia ndoo ya maji. Yule msichana mdogo alipulizia tonge lake kwa muda mrefu, akaamini limepoa, akalitia mdomoni. Kelele alizopiga sitaki kuzieleza. Binti yangu na mdogo wake walitoa jasho puani, wakavuta hewa kwa meno, wakaendelea kula. Kwa mara ya kwanza tangu wageni wafike, mwanangu alimaliza kusimulia na chakula bado kipo. Na mimi nilifurahi. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa: nilisimama pale mlangoni nikafurahi, Mungu anisamehe.

"Leo umepika ya kwenu kabisa!" mume wangu akasema, anajifuta kipaji cha uso.

"Yoo, wifi, samahani," nikasema mimi, mnafiki. "Mkono umeteleza."

"Apana, ni tamu," wifi akajibu, machozi yanamtoka. "Ni sisi ndiyo hatuyazoea. Usijali, wifi."

Mtu angeishia hapo. Mimi sikuishia hapo. Jumapili nilipasha moto yaliyobaki, na Jumatatu nilipopika mapya nikatia pilipili tena, mbili tu. Jumanne tatu. Mume wangu hakutambua kitu, aliona ni utamu. Wifi naye hakuomba chakula cha watoto kitengwe, maana mgeni haombi kupikiwa chake. Jumanne hiyo nilimkuta nyuma ya nyumba, amechutama, kikombe cha maji mbele yake, na yule mdogo ameketi miguuni. Alikuwa anachukua maharage mojamoja kutoka kwenye sahani, anayasuuza ndani ya kikombe, anamtia mtoto mdomoni. Mawese yote yalibaki yanaelea kwenye maji. Mtoto anapulizia kila harage kabla ya kulipokea.

Wifi aliinua macho, tukatazamana. Nilikuwa na nafasi. Ningesema, "Wifi, nimekosa, kesho sitatia." Maneno manne tu. Badala yake nikauliza kama kuna maji yamebaki kwenye ndoo.

Alhamisi asubuhi alifunga nguo za watoto kwenye kitenge. Mume wangu alikasirika kweli, akamuuliza ana wazimu gani, nani anarudi Kamenge wakati huu.

"Kamenge kumetulia kidogo," wifi akamwambia. "Nyumba haiwezi kukaa bila mutu. Wataiba mabati yote, alafu nitarudi wapi?"

"Mabati na batoto, kwako kipi kinapita kingine?"

"Kaka yangu, tumeshakaa siku nyingi. Bibi yako huyu amechoka, na ni haki yake. Hakuna kitu kibaya hapa."

Alisema hivyo mbele yangu, kwa sauti ya kawaida. Alinifunika. Angeweza kunivua nguo mbele ya mume wangu kwa neno moja, na yeye akanifunika. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mbabula nikisubiri mtu mwingine aseme abaki. Neno la kumzuia lilikuwa langu, si la mume wangu, kwa sababu katika nyumba mwenye chungu ndiye mwenye mgeni. Sikulisema. Nilisema, "Wifi, sufuria yako usiisahau."

"Iache," akasema. "Mi na batoto batatu nitapikia nini mu sufuria kubwa hivi? We bakia nayo. Nitakuja kuichukua tukiwa na sherehe."

Yule mdogo aliniaga kwa kunipulizia mkono.

Jioni ile nilichota maharage machache, nikayapika kwenye sufuria ile ile, yakaonekana kama yamepotea chini. Sikutia pilipili. Tulipoketi kula, binti yangu alionja, akanitazama.

"Mama, leo umesahau pilipili."

Mume wangu alikuwa ameshika tonge. Hakulitia mdomoni. Alinitazama, kisha akaichunguza sufuria, kisha akala, taratibu, mpaka akamaliza. Hakuniuliza kitu siku ile wala siku nyingine yoyote, na mimi ningependa angeniuliza, hata kwa kofi. Niliosha vyombo, nikamkalisha mwanangu mapajani, nikapitisha vidole kwenye mbavu zake. Alikuwa mnene tu. Mtoto wangu alikuwa mzima kabisa.

Kamenge haikutulia. Majuma mawili hayakuisha, watu wakamwagika tena, na safari hii barabara ya kuja mjini ilikuwa imefungwa. Wifi na watoto walipandisha na wengine upande wa vilima vya Gihosha, wakalala kwenye kambi ya mahema ya plastiki, udongo chini, choo kimoja kwa watu ambao hawahesabiki. Mvua ilinyesha. Tulipata habari kwa mwanamke mmoja aliyeuza mkaa. Alisema amemwona wifi, na kwamba wavulana wako sawa, lakini yule mdogo anaharisha.

Mume wangu alihangaika siku tatu kupata njia ya kupita. Siku ya nne akawaleta: wifi na wavulana wawili. Yule mdogo walikuwa wameshamzika kulekule, jana yake.

Watu waliniambia, pole, ni vita. Padre alisema ni vita. Najua ni vita, mimi si mjinga, sikuleta ile mvua wala sikufunga ile barabara. Lakini vita havikutia pilipili kwenye sufuria. Nimeligeuza jambo hili miaka yote, nikalitafutia upande ambao sionekani, na sijaupata.

Msiba uliwekwa kwetu. Wifi aliketi kwenye mkeka chumbani, na majirani wakajaa mpaka uani, wengi na watoto wao, kwa kuwa siku zile hakuna aliyemwacha mtoto nyumbani. Ilibidi watu wale. Mchana nikawasha mbabula, nikatoa sufuria yake, hakukuwa na nyingine ya kutosha. Nikakaanga vitunguu, nikatia nyanya, nikamimina maharage, nikageuza kifuniko na kukijaza maji. Kisahani cha pilipili kilikuwa karibu na goti langu, jirani mmoja wa Uvira alikuwa amenisagia bila kuombwa, anajua tulivyo.

Wifi akatoka chumbani. Wanawake walitaka kumrudisha, maana mfiwa hafiki jikoni, akawaondoa mikono taratibu. Alikuja mpaka kwenye moto akachutama mbele yangu, vile vile alivyokuwa amechutama siku ya kikombe. Nilijua amekuja kusema. Nilijiambia aseme, mbele ya wote, na nisinyanyue uso.

Aliinua kifuniko kwa uangalifu ili maji yasimwagike. Akachota mchuzi kwa mwiko, akaupulizia, akaonja.

"Ongeza maji kidogo," akasema. Kisha akakichukua kile kisahani karibu na goti langu, akakisogeza mbali na sufuria, ukutani kabisa. "Na pilipili iache pembeni, wifi. Kuna batoto."

"Ndiyo, wifi," nikamjibu, nikamimina yale maji ya kifuniko.