Firigisi ya Baba

Jani la mgomba likipitishwa juu ya moto hutoa harufu ya ubichi na moshi kwa pamoja, na kila ninapoisikia hasira hunipanda kabla sijakumbuka sababu yake. Asubuhi ile, nyumbani kwetu Mbingu, mama alikuwa akiyalainisha majani ili afungie wali wa mpunga mpya na kuku aliyechinjwa alfajiri. Ilikuwa kiangazi, miaka ya tisini, mavuno yameshaingia ndani. Mimi nilikuwa darasa la tano, mtoto ambaye wageni wakija hujificha nyuma ya mlango. Baba mdogo, mdogo wake baba aliyekuwa dereva wa lori Ifakara, alikuwa amekuja na wanawe wawili, akasema twende sote tukaone viziwa viwili vilivyoko mlimani, turudi jioni.

Baba alikubali, ingawa mguu wake wa kulia ulikuwa haukunjiki tangu alipoangukiwa na gogo. Nadhani alitaka tumwone akipanda. Njia ilipita kwenye mabua makavu ya mpunga, kisha ikaingia msituni, kwenye baridi na ukungu, mbega wakinguruma juu yetu. Kila palipokuwa na mwinuko baba mdogo aligeuka na kupaza sauti, "Kaka, tukuletee machela?" Wanawe walicheka. Baba naye alicheka, akajifuta jasho. Tulipokaribia juu alituambia tutangulie, atatukuta.

Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Haigombewi. Hata baba alipolala shambani kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, mama alimwekea kwenye bakuli la peke yake, nasi watoto tulijua kwamba kuigusa ni kama kukaa kwenye kiti chake na kumwambia ahame. Pale kando ya kiziwa cha kwanza, penye maji meusi yasiyotikisika, mama alifungua majani, akaitenga pembeni. Baba mdogo akaichukua.

"Shemeji, hiyo ni ya kaka yako," mama akasema.

"Kaka yuko wapi? Leo mwenye nyumba ni aliyefika." Akaitia mdomoni, akatafuna polepole huku akitutazama mmoja mmoja.

Baba alifika tukiwa tumeshakula. Mama akamwekea jani lake mbele. Niliyaona macho yake yakitafuta, yakapita kwenye paja, kwenye mgongo, kwenye wali, yakarudi tena, halafu yakamwona mdogo wake akichokoa meno. Hakuuliza. Alisema tu, "Chakula kizuri," akala kichwa kimeinama. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba mdogo kwa maneno mawili yale ya baba. Alipokwenda kuoga nyuma ya matete, niliomba ateleze.

Mama hakuomba chochote. Aliinuka akicheka, akaenda kwenye jiwe ambako baba mdogo alikuwa ameacha suruali yake ya kitambaa, akaichukua. Hakuna aliyeshangaa, maana mwanamke na mdogo wa mumewe ni watani. Hunyang'anyana kofia, hutukanana, na anayekasirika ndiye anayechekwa. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona kwamba kilichocheka kilikuwa mdomo peke yake. Aliikunja suruali, akaiweka chini ya nguo niliyokalia. "Usiinuke mpaka nikuambie," akaninong'oneza.

Baba mdogo alirudi na bukta, anachuruzika maji. Alitafuta kwenye jiwe, akatafuta vichakani, akamuuliza kila mtu. Mwisho akanijia mimi. "Na wewe bubu, umeiona?" Nilimtazama tu. Hakuna aliyetegemea nijibu, na kwa mara ya kwanza maishani ukimya wangu ukawa na kazi. Mama akamrushia kanga. "Jifunge, mke mwenzangu, tushuke. Jua linazama." Alifungua mdomo akasirike, akaukumbuka utani, akaufunga. Wanawe walikuwa wanagaagaa chini kwa kicheko.

Kanga haitaki hatua ndefu. Ilimkamata miguu, miiba ikaikamata kanga, na baba akampita na fimbo yake, kwa mguu ule ule usiokunjika. Tulipotokea barabarani akina mama waliouza ndizi walisimama wote. "Jamani, bibi harusi huyo anatoka wapi?" Vigelegele vikapigwa. Baba hakugeuka, lakini nilikuwa natembea ubavuni mwake, nikaona mabega yake yanatikisika. Suruali ilishuka ndani ya kikapu changu. Mama aliifua, akaipiga pasi ya mkaa, akaituma Ifakara na salamu nyingi.

Baba ameshafariki. Siku hizi nyumbani kwangu firigisi huliwa na mtoto anayewahi. Mume wangu hajali, nami sijali. Baba mdogo amezeeka, na kwenye harusi na matanga huisimulia siku ile vizuri kuliko mtu yeyote, jinsi alivyojifunga kanga, jinsi alivyoitwa bibi harusi, mpaka watu wanashika mbavu. Alichokula pale kiziwani hakitaji kamwe, nadhani ameshasahau. Akimaliza hunitazama, akingoja nami nicheke. Ni mzee wangu. Huwaletea wanangu pipi. Namwamkia shikamoo, namnawisha mikono, namwekea chakula cha kwanza kabla ya wageni wote. Lakini kicheko kile anachokingoja sijampa, na sitampa.