Saa Mia Mbili na Arobaini Uani Kwangu

Watu husema uzee unakula kumbukumbu. Wangu umekula meno tu. Kumbukumbu zote ninazo, na ninayoikumbuka kuliko zote ni siku wifi yangu alipopata cheti cha ualimu wa chekechea. Mwaka huu imetimia miaka ishirini na miwili. Alisimama mbele ya wageni na viatu vya visigino, akashukuru kila aliyewahi kupumua karibu naye. Akamshukuru mkuu wa chuo, akamshukuru mwalimu mkuu wa chekechea, akamshukuru kaka yake, yaani mume wangu. Mimi nilikuwa napita na sinia la vikombe. Mgeni mmoja akamuuliza, "Na huyu?"

Akacheka. "Aa, huyu wifi yangu. Yaya wa watoto wa akina mama wa sokoni."

Yaya! Na yeye kumshika mtoto mchanga alifundishwa na nani?

Huyu wifi ni kitinda mimba wa kwao, alidekezwa mpaka akadhani jua linachomoza kumtazama yeye. Chuo chao kilimtaka afanye mazoezi saa mia mbili na arobaini na watoto wa chini ya miaka mitatu. Chekechea za kwetu hazikupokea watoto wa umri huo. Aliyekuwa nao ni mimi. Mama zao walikuwa sokoni, na mimi nalea kumi na mmoja uani, mkubwa anakimbia, mdogo shingo haijakaza. Shule niliishia darasa la pili, lakini hakuna mtoto aliyetoka kwangu na njaa wala upele.

Basi akaja na daftari lake, akakaa muhula mzima. Siku ya kwanza akamnyanyua mtoto kwa nyuma kama anabeba ndoo. Nilimchapa mkono.

"Mtoto si gunia! Mwoneshe uso kwanza. Mwambie unamchukua."

Alijifunza upesi, na hilo ndilo lililoniuma. Kulikuwa na mtoto tukimwita Bonge, miezi tisa, kilio chake unakisikia mtaa wa pili. Mimi nilimbeba, nikamwimbia, nikamchezea kijiko, wapi! Siku moja wifi akajilaza kwenye mkeka, mbali kidogo, kimya. Hakumgusa. Akawa anapumua polepole tu. Bonge akanyamaza, akamtambalia mwenyewe mpaka akamlalia kifuani. Tangu siku hiyo akifika langoni, watoto niliowaogesha mimi wanamkimbilia yeye. Mume wangu akasema, "Unaona? Hicho ndicho kisomo." Nilitamani niwamwagie wote wawili maji ya nepi. Asiyejua wivu aje nimtazame usoni, nimwambie mwongo.

Lakini wivu ulikuwa wangu, dhuluma ilikuwa yake. Muhula ulipoisha, pale pa kuandika msimamizi hakuandika jina langu. Aliandika la mwalimu mkuu wa chekechea, mama ambaye uani kwangu hakutia hata unyayo. Yule mama akatia sahihi kurasa zote bila kusoma, akidhani ni mazoezi ya shuleni kwake. Mume wangu ndiye aliyenisomea, tena anacheka. "Ulitaka chuo kione jina la yaya?"

Nikalimeza. Limekaa kooni kama mwiba wa samaki.

Miaka ikapita, mume wangu akafa. Mwanangu, fundi wa kuchomelea, akapata kazi nchi hii akanileta. Miaka miwili baadaye, wifi naye huyo, na cheti chake kwenye fremu. Akapanga chumba mitaa miwili kutoka kwetu. Kazi aliyopata ni kwenye kituo cha watoto, kupangusa meza na kufua mashuka ya watoto ya kulalia mchana, kwa sababu cheti cha kwetu hapa hakikutambuliwa. Mwalimu wa darasa ni msichana mdogo kuliko binti yake, anamwambia, "Dada, lete beseni." Nilipopata habari hizo, siku hiyo nilikula nikaongeza.

Lakini mtaani watu bado wanamwita Ticha. Mkamwana wangu ananiuliza, "Mama, Ticha hajambo?"

"Ticha wa meza hajambo," namjibu.

Akaomba cheti kitambuliwe. Wakataka tafsiri yenye muhuri, wakataka mtaala wa chuo, wakataka hesabu ya kila saa aliyokaa na watoto. Miezi kumi na minne anapanda ngazi za ofisi ile na bahasha kwapani. Mwisho ofisi ikamwandikia yule mwalimu mkuu wa zamani. Naye sasa ni kizee, hataki kuingia kaburini na uongo wa mtu. Akajibu: kwetu hatukuwahi kuwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu, huyu mazoezi aliyafanya kwa wifi yake, nilikuja kujua baadaye.

Njia ya mwongo fupi. Ofisi ikampa siku thelathini amlete msimamizi wa kweli ahojiwe. Asipomleta, faili linafungwa na asiombe tena maisha yake yote.

Siku ya tatu nikasikia hodi.

"Shikamoo, wifi."

Shikamoo yake niliiacha isimame hapohapo mlangoni.

"Umepotea njia, Ticha?"

"Wifi, usinitanie. Nina shida."

"Shida gani? Meza zimekwisha?"

Akaketi bila kukaribishwa, akaeleza yote. Nilimwacha amalize. Nilikuwa nachambua mchele, sikuinua kichwa.

"Kwa nini hukuandika jina langu?"

"Hukuwa na cheti, wifi. Niliogopa chuo kitakataa saa zangu."

"Haya. Na kwenye sherehe? Pale chuo kilikuwa kimekukaba koo?"

Akainama. Mikono yake imechubuka kwa sabuni, niliiona.

"Pale niliringa tu," akasema.

Angalau hapo alisema kweli. Nikamwambia, "Nitakwenda. Nitakachosema sikuambii."

Ofisini wakamhoji yeye asubuhi peke yake. Alipotoka wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki ukumbini, mkoba magotini. Nikapita mbele yake bila kumtazama. Ndani kulikuwa na meza nyeupe, karani mwanamke mwenye miwani, na mkalimani. Karani akasema nitaulizwa maswali yaleyale aliyoulizwa wifi, kisha watalinganisha. Nikajua hapo hapo: neno moja tu, "sikumbuki", na Ticha atapangusa meza mpaka afe.

"Mama mzazi akiondoka, mtoto akabaki analia, mlifanyaje?"

"Aage," nikasema. "Kwangu hakuna mama kutoroka. Mama akitoroka, mtoto anashinda anautazama mlango. Alie, lakini ajue mama ameaga."

Karani akageuza karatasi, akasoma: "Wifi yangu alisimama langoni kuwazuia akina mama wasitoroke. Mpaka leo nafanya hivyo, japo mimi ni wa kupangusa meza."

"Na kabla ya kumbadilisha mtoto nepi?"

"Unapasha mikono kwapani. Mkono wa baridi ni kofi." Nikaonesha kwa mikono.

Mkalimani akasita, kaona haya kutaja kwapa mbele ya mkubwa. Karani akacheka mwenyewe. Kumbe hata kwapa wifi alikuwa ameshalitaja.

Wakaendelea hivyo, na kila jibu la wifi lilianza, "Wifi yangu alinifundisha." Miaka ishirini na miwili! Mdomo wake ulinikana, mikono yake haikunikana. Nilikaa pale, hasira inatafuta pa kushika haipaoni.

Swali la mwisho karani akaweka kalamu chini. "Kuna jambo mwanafunzi wako alilifanya vizuri kuliko wewe?"

Mkalimani akadhani sikusikia, akarudia. Nilisikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini huyu hakuwa mnyonge, na ndiyo maana ilikuwa ngumu.

"Bonge," nikasema. Nikawaeleza habari za mkeka, yote, hadi alivyomlalia kifuani. "Mimi nilishindwa na mtoto yule. Yeye aliweza. Andika."

Akaandika. Nikatia sahihi yangu ya darasa la pili, herufi zimelala kila moja upande wake.

Barua ikatoka wiki ya tano. Wifi akaja nayo mbio, mwanangu na mkewe wakiwepo. Nikasema simama, soma kwa sauti. Akasoma: cheti kimetambuliwa, aruhusiwe kufundisha. Akataka kuikunja.

"Bado. Pale pa saa."

"Saa mia mbili na arobaini za watoto wa chini ya miaka mitatu, zimekubaliwa," akasoma, "chini ya mwalimu msimamizi…" Akataja jina langu, la kwangu na la baba yangu.

"Mwalimu nani?"

Akarudia. Mkamwana akaziba mdomo asicheke.

Wifi alikuwa analia. Sikumkumbatia, na ile habari ya yaya sijaisamehe, wala asingoje. Lakini deni la mlangoni nililijua ni langu.

"Ile shikamoo yako ya siku ile," nikamwambia. "Marahaba."