Ukuta Kati ya Wakwe

Bidhaa za nje zilipojaa Korogwe, nilinunua kamera inayojilenga yenyewe. Dada mmoja wa Magoma akaniita nimpige picha mama yake pamoja na mkwewe, yaani mume wa huyo dada. Kwa heshima ya ukwe wakasimama mbalimbali.

"Sogeeni basi," nikafoka, mtoto wangu analia mgongoni.

"Mwanangu, huyu ni mkwe," mama akanijibu.

Nikabonyeza kwa hasira. Alama ya kulengea kwenye kioo cha kamera, inayoamua kipi kitoke wazi, ilikuwa katikati, penye ukuta mtupu. Picha ilipotoka, nyufa za udongo zilionekana zote, nyuso zikawa ukungu.

Nilipoipeleka, mama alikuwa ameshazikwa. Binti yake akauliza kama hakuna nyingine. Nikailaumu kamera. Muuzaji alikuwa amenielekeza nimlenge mtu mmoja kwanza, nikamwambia sina muda wa kufundishwa.