Mfuniko wa Rejeta Mkobani Mwangu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Muuza nyanya wa Mwanjelwa akinipimia, macho yangu hayabanduki mikononi mwake. Kwa hiyo siku nilipompelekea gari fundi wa hapa Ilomba, Mbeya, abadilishe pedi za breki, nilifanya kama kawaida yangu. Nilisubiri injini ipoe, nikafungua boneti, nikatoa mfuniko wa rejeta, ile ya maji ya kupozea injini, nikautia mkobani na kuondoka nao. Mfuniko halisi ni kitu kidogo, kuubadilisha na wa bandia ni rahisi mno. Fundi aliniona. Tunaimba naye kwaya moja, yeye upande wa besi. Akaendelea kulegeza nati za tairi, na hilo nalo nikalitilia shaka.

Jioni niliurudisha mfuniko mahali pake. Wiki haikuisha, gari likaanza kuchemsha. Nikajua nimeibiwa tu. Kama si mfuniko, basi ameng'oa themostati, kile kidude kinachoyafungulia maji njia injini ikipata moto. Nikamfuata.

"Mwalimu, mimi rejeta yako sijaigusa," alisema. "Hebu nione mfuniko."

"Mfuniko una alama yangu. Huo niachie."

Jumamosi, kwenye mazoezi ya kwaya, nikatangaza kwamba fundi wetu anakula spea za wateja. Sikunong'ona. Watu wakasema lisemwalo lipo. Mwezi haukuisha, pale kibandani kwake palipokuwa pakijaa magari pakabaki gari moja bovu, la kwake mwenyewe. Nilipita, nikaona, nikafurahi.

Kisha nikasafiri kwenda Iringa kumwona mama. Kabla ya Mafinga nilisimama mara tatu, nikingoja gari lipoe ili niongeze maji. Iringa nikatafuta fundi nisiyemjua, nikamsimamia begani, maana nilihofu hata huyu wamekwisha kupigiana simu na yule wa Mbeya. Akafungua. Themostati ilikuwamo, ya zamani ileile. Ndipo akaugeuza mfuniko.

"Dada, hii kitu haifuniki tu. Ina springi. Maji yakipata moto yanataka kupanda, yenyewe inayabana, na yakibanwa hayachemki upesi. Presha ikizidi, springi inanyanyuka, maji yanakwenda kwenye hii chupa ya pembeni. Injini ikipoa, yanavutwa yanarudi. Sasa mpira wake huu umekatika, presha haikai. Na huku kwetu juu maji yanachemka mapema kuliko pwani, unajua mwenyewe."

Nilijua. Ndiyo maana maharage yetu hukawia kuiva.

"Nani kauchomachoma hivi?" akauliza.

Alama yangu niliyoikwaruza kwa msumari ilikuwepo. Nikafungua mkoba. Mlikuwa na funguo za nyumba, za darasa na za kabati, na kwenye meno ya funguo hizo vilikuwa vimenasa vipande vya mpira mweusi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya, nikasema nilimsingizia mwenzetu na kosa ni langu. Fundi alinishika mkono, akasema yamekwisha. Wateja walianza kurudi mmoja mmoja, ingawa si wote, na wale wasiorudi najua ni mimi niliyewafukuza.

Juzi nikampelekea tena gari. Safari hii sikugusa boneti. Nikampa ufunguo, nikamwambia nitapita jioni. Hakuupokea. Aliingia kibandani, akatoka na stuli, akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka karibu na tairi la mbele.

"Kaa hapa, Mwalimu, uangalie. Siku hizi gari yako siigusi kama haupo."

"Fundi, mbona nakuamini?"

"Najua," alisema, akafungua boneti. "Ila mimi ndiyo sikuamini wewe."

Nikakaa.