Ukurasa wa Mfano, Msasani

Leo, Jumamosi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Tukuyu, nimechekwa na watu wanaonipenda.

Mnazijua zile zana za bure za kutengenezea tovuti tunazoziandika kwa kujitolea. Leo tulikutana mtandaoni kupanga toleo jipya.

Anayezifungua mara ya kwanza hukuta ukurasa wa mfano. Ni duka la vitambaa la marehemu mama yangu, mtaani Msasani, Tukuyu. Niliuandika mimi, kwa kumbukumbu: kibaraza, cherehani, migomba nyuma.

Wenzangu wakasema umepitwa na wakati.

Nikakataa. Nikawaambia toleo hili likitoka nafunga mizigo narudi nyumbani, kwa hiyo Msasani ibaki ilivyo.

Ndipo Atupele, binti wa Tukuyu aliyejiunga juzi, akaandika: "Shikamoo babu. Ninayo picha ya kuweka kwenye ukurasa mpya. Nimeipiga leo asubuhi."

Akaituma. Ghorofa la bluu, mabango ya simu, lami.

Nikamjibu: "Ndaga, asante mwanangu, nzuri sana. Hapo ni mji gani?"



Vikaja vicheko, kimoja baada ya kingine.

"Babu jamani! Si Msasani hapo? Hilo ghorofa limejengwa palipokuwa duka lenu. Bibi yangu ndiye aliyenionyesha, nikakupigia picha."

Nami nikacheka. Ningefanyaje?

Nimeitazama picha ile mpaka chai ikapoa, nikitafuta hata mgomba mmoja.

Nimekubali itumike. Inastahili.

Ninyi mlioondoka zamani, mngeutambua mtaa wenu? Niambieni.

Mimi sirudi tena.