Bawa Nililoliombea Msamaha

Kabla ya kurusha ndege yetu tulipita kwanza nyumba kwa nyumba. Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Kongo, Butembo iko mikononi mwa waasi, na mtu akisikia mngurumo wowote angani alianza kufunga godoro. Kwa hiyo kila Jumamosi ya klabu yetu ya ndege ndogo, sisi wanafunzi kumi na wawili tuligawana nyumba zinazouzunguka uwanja wa shule yetu, Bulengera, tukabisha hodi. "Mama, saa nane mutasikia kelele. Hapana kimbia, ni kandege ya batoto ba masomo." Bibi mmoja aliniuliza kama ndege hiyo inabeba watu, maana kama inabeba, yeye yuko tayari.

Haikubeba hata panya. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na injini moja ndogo ya kukaa kiganjani, aliyoachiwa na padri aliyerudi kwao Ulaya. Ilikunywa mafuta ya taa, mafuta ya nyonyo na etha. Etha, ile dawa ya hospitali inayowaka upesi, ilitoka Beni, imefichwa chini ya kiti cha lori la jirani yetu Mwislamu. Ndege yenyewe tuliijenga sisi kwa vijiti vya mwanzi, ikafungwa nyuzi mbili nyembamba za chuma. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja ameshika mshikio wa nyuzi hizo. Akiinua kiganja kidogo, ndege inapanda, akikishusha, inashuka. Inamzunguka tu, naye anageuka nayo, mpaka mafuta yaishe baada ya dakika tatu hivi.

Sheria ya klabu ilikuwa moja: anayetengeneza bawa jipya ndiye wa kwanza kulirusha. Nilikuwa msichana peke yangu, na bawa la Jumamosi hiyo lilikuwa langu. Mama alikuwa anauza vitenge sokoni, nikamwomba ile karatasi laini inayowekwa katikati ya mikunjo ya vitambaa vya bei kubwa. Niliibandika kwa uji wa muhogo, nikainyunyizia maji, ikakauka ikavutika kama ngozi ya ngoma. Kisha wiki tatu nzima nilizunguka peke yangu nyuma ya nyumba, nimeshika kamba yenye bidoni, yaani dumu, la maji, ili kichwa kizoee kuzunguka. Majirani walimwambia Mama anipeleke kwa padri aniombee.

Siku ikafika. Injini ikawashwa, ikalia vizuri, nami nikaanza kutembea kuelekea katikati, mshikio mkononi. Hapo ndipo komanda wa kambi ya waasi iliyo karibu aliposhuka kwenye jipu lake na vijana wawili wenye bunduki. Hakutusalimu.

"Mwalimu, na miye narusha."

"Mon commandant, huyu mutoto anaanza, ni siku yake. Kisha ye, tunakuonyesha polepole."

"Naonyeshwa nini? Ni kamba tu."

Mwalimu alinitazama, akanyoosha mkono. Nikampa mshikio, naye akampa komanda. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, na mimi tangu siku ile nimeuchukia msemo huo, kwa sababu wanaoupenda ni wale ambao hawajawahi kumpisha mtu.

Komanda aliuvuta mshikio kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Ndege ilipanda moja kwa moja, ikampita juu ya kichwa, nyuzi zikalegea, ikaanguka kwa pua upande wa pili. Yeye mwenyewe alipepesuka, akakaa chini kwenye majani. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikimbilia ndege. Pua ilikuwa imevunjika vipande viwili. Bawa langu lilikuwa zima, halina tundu hata la kupitisha sindano.

Komanda alisimama akijipangusa suruali. "Hii kitu ni mubaya. Nani alifanya?"

Mwalimu hakukawia. "Ni bawa, mon commandant. Huyu mutoto-mwanamuke alibandika karatasi mubaya."

Nilikuwa nimelishika hilo bawa mikononi, zima, mbele ya macho yao wote.

"Omba pardon," mwalimu akaniambia.

Niliomba. "Pardon, mon commandant." Akasema nirudi nyumbani nikapike bugali, akapanda jipu lake akaenda.

Sasa, msinifundishe. Najua kilichokuwa kikimtisha mwalimu. Wavulana kumi na mmoja walikuwa pale, wenye umri ule ambao wenye bunduki walikuwa wanautafuta kwa jeshi lao. Angeweza kusema upepo. Angeweza kusema injini imezeeka, na injini isingelalamika. Alinitaja mimi kwa sababu alijua lawama juu yangu itaaminika upesi: nani atashangaa kwamba msichana ameharibu ndege? Hilo ndilo lililoniunguza, na bado linaniunguza hata leo, nami nina watoto wangu.

Miezi miwili baadaye pua ikatengenezwa. Bawa halikuguswa, kwa kuwa hapakuwa na cha kutengeneza. Mwalimu akaniita mbele ya klabu nzima, akanipa mshikio. Nikairusha ndege mpaka mafuta yakaisha. Ukiwa katikati ya mzunguko wa nyuzi zile hakuna awezaye kukusogelea, si mwalimu, si mwenye bunduki, na kichwa changu hakikuzunguka hata kidogo. Niliitua polepole kwenye majani, nikamrudishia mshikio, nikasimama pale nikingoja. Nadhani hata wavulana walijua ninachongoja.

Mwalimu aliinama akapapasa karatasi kwa kidole. "Bawa nzuri," akasema. "Bawa nzuri kabisa."

Akaenda kukunja nyuzi. Bawa lilipata haki yake siku ile. Mimi bado nasubiri yangu.