Gobore la Arlys Tveit

Arlys Tveit hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliendesha basi la shule la Sorrel Fork, jimboni Montana, tangu ujana wake hadi vidole vilipomkakamaa kwa baridi yabisi. Katika muda huo wote alilisimamisha basi lake penye kila njia ya reli, akafungua mlango na kutega sikio, hata pale ambapo garimoshi lilikwisha sahauliwa na reli kuota magugu. Sheria ilisema simama, naye alisimama. Lakini asubuhi ile ya Juni, alipoliona jina lake katika kura ya vibali vya uwindaji, alipiga ukelele uliowatimua kunguru wa jirani.

"Musi dume! Nimepata musi dume!"

Musi ni kulungu ampitaye farasi kwa kimo, mwenye pembe pana kama nyungo mbili. Vibali vyake ni haba. Watu wa bonde lile huomba, hunyimwa, huomba tena. Orrin, mumewe, aliomba hadi akaingia kaburini mikono mitupu. Arlys alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kura nyingine hakutarajia kuiona.

Alikwenda moja kwa moja kununua risasi kwa Dewey, mdogo wake Orrin, mwenye duka la bunduki. Dewey alimkumbatia na kumzungusha kama mwali. Kisha uso ukamshuka.

"Shemeji, bado unatumia yale matone yako?"

"Ya bangi? Ndiyo. Bila hayo hata kifungo cha blauzi kinanishinda. Na kadi ya kuyanunua nimepewa na jimbo lenyewe."

"Basi siwezi kukuuzia hata risasi moja. Na ile bunduki ya marehemu kaka, niletee niihifadhi. Si halali wewe kuishika."

"Dewey, umelewa asubuhi yote hii?"

"Kwa jimbo, bangi yako ni dawa. Kwa serikali kuu ya Washington, bangi ni bangi, na mtumiaji wake haruhusiwi bunduki wala risasi. Leseni yangu inatoka Washington, shemeji. Ningejifanya sijui, lakini matone yako uliyatangaza mwenyewe mbele ya kanisa zima!"

"Kwa hiyo serikali moja inanipa dawa na mnyama, nyingine inaninyang'anya bunduki?"

"Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Pole, nyasi."

Arlys hakucheka. Alimpigia simu askari wa wanyamapori wa jimbo, kijana ambaye zamani alimpeleka shule katika basi lake.

"Mama Tveit, wewe nenda kawinde," kijana alimwambia. "Bunge letu limetukataza kuwasaidia wale wa Washington katika mambo ya bunduki. Mimi sitakuuliza neno."

"Na wao wakiniuliza?"

"Hapo sina la kukufaa, mama."

Majirani nao walimcheka: nani atamwona huko vinamasini? Arlys aliwajibu kwamba hata garimoshi halikupata kumwona, na bado alisimama.

Alijaribu kuyaacha matone. Haikupita wiki akashindwa kufungua chupa ya jemu. Pasipo dawa, kidole hakikuweza kuvuta kilimi cha bunduki. Penye dawa, hakikuruhusiwa.

Kila Julai, Dewey na wazee wenzake huvaa ngozi na kofia zenye mikia ya rakuni, mnyama mdogo wa kule mwenye mkia wa mistari, wakapiga kambi kando ya mto na kulenga shabaha kwa magobore, mithili ya wawinda ngozi wa kale. Arlys hakukosa kwenda kuwasuta kwa zile kofia zao. Mwaka huo alifika akiwa amenuna, akamkuta shemeji yake akishindilia baruti.

"Na hilo dude lako, nalo lina karatasi za Washington?"

Mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ulimsimama Dewey mkononi. "Hili? Machoni pao hili si bunduki. Sheria yao inaliita kitu cha kale tu. Mtu yeyote anaweza..."

Wakatazamana.

"Shemeji," alisema Arlys polepole, "niazime."

"Kwanza iombe radhi kofia."

"Dewey!"

"Miaka yote hii umeitukana. Iombe radhi."

Arlys akainamisha kichwa mbele ya mkia wa rakuni. "Nisamehe sana, bwana mkia." Kambi nzima ikaangua kicheko, naye akacheka kuwapita wote.

Hata hivyo, kwanza alimwendea wakili, ambaye alimthibitishia kuwa katika hili hakuna serikali iliyokuwa na neno. Tangu hapo alifanya mazoezi hadi majani yalipopukutika.

Oktoba, asubuhi ya theluji ya kwanza, musi dume alitokea kati ya mierebi, karibu mno hata Arlys na Dewey, aliyemsindikiza, walimsikia akitafuna. Arlys alilenga, akafyatua. Fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, ikalia, baruti isishike. Musi akainua kichwa. Arlys akangoja kidogo, mdomo wa gobore ukielekea mbele lisije likalipuka kwa kuchelewa, kama alivyofundishwa.

"Fataki nyingine!" Dewey alinong'ona. "Lete nikuwekee!"

"Kibali ni changu. Nyamaza!"

Alivua glavu. Fataki haikuzidi punje ya hindi kwa ukubwa, na baridi ilikuwa ikiuma. Lakini vidole vilivyolainishwa na matone viliikamata, vikaigeuza, vikaipachika mahali pake. Musi alikwisha piga hatua ya kuondoka. Gobore likanguruma, moshi mweupe ukafunika dunia.

"Umempata?"

"Nitajuaje? Hili ni gobore au jiko la kuni?"

Upepo ukaupeperusha moshi. Kati ya mierebi hapakuwa na mnyama aliyesimama. Pembe moja tu ilichomoza juu ya nyasi. Arlys akatimua mbio.

"Shindilia kwanza!" Dewey alifoka. "Usimwendee na gobore tupu!"

"Nashindilia, shemeji! Nashindilia!" Alisimama, huku machozi na kicheko vikimtoka kwa pamoja, akashindilia.

Haikuhitajika. Musi alikuwa amekwisha kufa. Dewey alifika akihema, akautazama mlima ule wa nyama, akatazama mbali lilikokuwa gari.

"Sasa, shemeji, nani atabeba?"

"Ziite serikali zote mbili," alisema Arlys, akichomoa kisu. "Leo hazitakosa la kufanya pamoja."